Jiwe la Mpaka na Masale ya Babu

Nyumba za Walimu,
Maguu, Mbinga

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Ipokee shikamoo hii ukiwa umekaa, na lile goti la kushoto umelinyoosha karibu na moto, maana najua huko Machame ni miezi ya baridi na wewe hukubali kuambiwa uvae soksi. Mama naye shikamoo. Mwambie sweta aliyonifumia nimeivaa mpaka walimu wenzangu wananiuliza kama ni sare ya Kilimanjaro. Mimi ni mzima. Homa ilinishika mara moja nilipoteremka ziwani, Mbaha, wakati wa likizo, ikaniachia baada ya wiki, na sasa nakula mpaka nashiba. Habari za ng'ombe? Habari za kahawa ya upande wa mfereji? Bibi je, bado anawachagulia wajukuu wachumba? Kama bado, basi najua ni mzima kabisa.

Barua yako nimeipata. Ilikaa Songea, ikakaa Mbinga, kisha ikapanda huku kwa lori lililofuata kahawa, nayo imeloa pembeni lakini kila neno linasomeka. Nimeisoma mara tatu. Unasema kesi ya mpaka kati ya kihamba chetu cha migomba na cha marehemu Baba Mdogo itasikilizwa na wazee wa usharika baada ya mavuno. Unasema masale yaliyopandwa mpakani upande wa chini Baba Mdogo aliyahamisha zamani, akaingia kwetu hatua sita, na kwamba Mama Mdogo hataki yarudishwe alipoyapanda Babu. Na unataka mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nikuandikie kwa Kiswahili kizuri maelezo ya lile neno la Mithali linalokataza kuondoa mpaka wa zamani uliowekwa na baba zetu, ili ulisome mbele ya wazee wakose la kujibu.

Kazi hiyo nitaifanya, Baba. Umenipa heshima, na siku niliyoisoma barua nilitembea darasani kifua mbele. Lakini sitaweza kukuandikia kabla sijakusimulia yaliyonipata hapa, kwa sababu neno hilohilo nimekwisha kulifundisha mwaka huu, na nililifundisha vibaya.

Maguu ni milima mitupu. Ungeiona ungeipenda, kisha ungeanza kuikosoa. Hawachimbi matuta wala ngazi za kuzuia udongo. Wanaume hufyeka nyasi, wakazilaza kwa mistari inayokatana, halafu wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifukia, mpaka mlima mzima unakuwa vishimo vishimo vilivyopangwa sawasawa. Wanaviita ngolo. Mvua ikinyesha, maji hutulia humo, udongo hauendi popote. Nilipofika nilidhani ni watu wasiojua kilimo. Leo mtu akinitania kwamba Wachagga ndio wanaojua mlima, mimi mwenyewe namwambia aje aone ngolo kwanza.

Asubuhi nafundisha watoto. Saa kumi alasiri nina darasa la watu wazima, kumi na wanane, wengi wao akina mama. Walivimaliza vitabu vya kisomo mapema kuliko nilivyotegemea. Vile vitabu vinaeleza namna ya kupalilia na kuchemsha maji, na hao wamepalilia tangu kabla sijazaliwa. Wakaniuliza kama sina kitabu kingine. Nilichokuwa nacho ni ile Biblia yako yenye jalada lililoshonwa na uzi wa viatu. Wote ni Wakatoliki na mimi Mlutheri, nikaogopa kuonekana ninawavuta, nikaenda kwa Padri wa parokia kuomba ruhusa. Ni Mngoni, bado kijana, amesoma mbali. Akacheka, akasema, "Mwalimu, anzia Mithali. Hapo hata mimi na wewe hatuna ugomvi."

Basi nikafundisha kama ulivyonifundisha wewe. Unakumbuka asubuhi zile kabla ya shule, mimi nimeshika kibatari na wewe unafuata mstari kwa kidole? Kila Mithali ilipoanza na "mwanangu," uliinua macho ukaniangalia mimi, msichana, na baba zangu wadogo wakacheka kwamba neno limekosa mlango. Hukuwajali. Na kabla hatujaanza uliniuliza maswali yako matatu: nani anasema, anamwambia nani, na nje ya mlango wao kulikuwa na nini? Darasa langu lote linayajua maswali hayo sasa. Wanayaita maswali ya Babu wa Moshi. Baba, una wanafunzi kumi na wanane ambao hujawahi kuwaona.

Tulipofika kwenye neno la mpaka, maswali yako niliyaruka. Nilijiona nalijua. Nikawaambia tulivyozoea kuambiwa kanisani, kwamba mpaka wa zamani ni desturi njema za wazee, tusiziache. Nikachora jiwe ubaoni. Akainua mkono mwanafunzi mmoja, Mama Otilia. Ni mjane wa miaka kama thelathini na mitano, ana binti huyo Otilia na wavulana wawili wadogo, na hacheki ovyo. Akaniuliza, "Samahani, Mwalimu. Huyo Myahudi alikuwa hana mto?"

Darasa likacheka, nikacheka nao bila kuelewa. Ndipo wakanieleza. Hapa ukoo mmoja unakaa kwenye mgongo mmoja wa mlima, wanauita ntambo, na mpaka wake ni mito ya pande mbili. Nani atahamisha mto? Kwa hiyo walipoona sheria nzima inatungwa juu ya mtu kuhamisha mpaka, wakaona nchi hiyo ina mambo. Nikawaeleza habari za masale ya kwetu, mimea ya mpaka ambayo hung'oleka. Nikawaambia pia kwamba isale hilohilo ndilo mtu analokwenda nalo kwa aliyemkosea, na kwamba aliyepelekewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe. Mama Otilia akafikiri, akasema, "Msamaha mliupanda palepale mtakapogombana. Hapo mliona mbali."

Jumamosi nikaenda kwa Padri tena. Alinikalisha kwenye veranda, akatoa vitabu vyake, na tulikaa mpaka mpishi akaja mara mbili kuuliza kama chakula kirudi jikoni. Akaniambia kwamba katika nchi zile za kale hapakuwa na hati wala ramani. Shamba lilikuwa la urithi, na shahidi wake alikuwa jiwe na kumbukumbu ya majirani. Jiwe lilisogezwa kidogo msimu huu, kidogo msimu ujao, na aliyeonewa siku zote alikuwa yule asiye na mtu wa kumsemea. Akaniambia pia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, kwamba Wamisri wa kale walikuwa na mafundisho yanayofanana sana na hayo, nao waliwafundisha vijana waliosomea ukarani wa serikali: usiguse jiwe la mpaka, usivute kamba ya kupimia, usiingie shambani kwa mjane. Nikamuuliza kwa nini wamwambie karani badala ya mwizi. Akasema, "Kwa sababu karani ndiye anayeshika kamba."

Na lile lango la Mithali, ambapo tunaambiwa tusimwonee maskini, mimi nilidhani ni mlango wa mji tu. Kumbe pale langoni ndipo wazee walipokaa kuamua mashauri. Niliporudi darasani nikawaambia, na mama mmoja akasema mara moja, "Basi lango ni sengu." Sengu, Baba, ni desturi yao nzuri sana. Wanaume wa ukoo hula pamoja kwa babu mkubwa, kila jiko linapeleka chakula, hata asiye na kitu anakula, na hapo ndipo vijana wanapofunzwa na mashauri yanapokatwa. Chakula kinapikwa na wanawake, lakini wao hawakai. Mama Otilia akasema, "Mimi tangu mume wangu afe napeleka chakula sengu kila siku. Sina anayesema."

Tukasoma mbele kidogo, mpaka pale neno la mpaka linaporudiwa mara ya pili, na safari hii limeongezewa habari ya mashamba ya yatima. Akaliandika kwenye daftari lake. Sikujua ana haja nalo kiasi gani.

Haja yake ilikuwa hii. Kijiji kimekubali kuwa na shamba la pamoja, nami naunga mkono, nimekwisha kulima humo na jembe la kukopa. Kila ukoo uliombwa utoe sehemu. Ukoo wa Mama Otilia ulikaa sengu, na shemeji yake, Bosko, mdogo wa marehemu, akasimama kwa furaha akatoa. Alisifiwa na mwenyekiti wa kijiji. Alichotoa ni ngolo za Mama Otilia, zote za upande wa mto, ambazo mama huyo alizifukia kwa mikono yake pamoja na Otilia baada ya mazishi.

Siku ya kupima tulikwenda wote mlimani, na walimu tulipeleka shule nzima. Kamba ilikuwa ndefu. Upande mmoja ilishikwa na bwana shamba, Bwana Saidi, mtu wa Kilwa, Mwislamu mpole anayelalamikia baridi kuliko wewe. Upande wa pili ilishikwa na Bosko. Mama Otilia akatoka kwa wanawake, akawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, halafu akamgeukia mwenyekiti.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Kamba inapopita ni pa nani?"

"Ni pa ukoo, mama," akajibu Bosko kabla mwenyekiti hajafungua kinywa.

"Ni pa ukoo siku ya kutoa, shemeji. Siku ya kulima palikuwa pa Otilia na mama yake."

Akafungua daftari, akasoma lile neno. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, na midomo yangu ikawa inakwenda pamoja naye kana kwamba mimi ndiye ninayesoma. Hakukosea hata silabi moja. Miezi tisa kabla ya hapo mwanamke yule alikuwa akishika penseli kwa ngumi. Alipomaliza akalifunga daftari, akasema, "Mimi siukatai ujamaa. Nitakuja kulima na jembe langu, na watoto wangu watakuja. Ninachosema, anayetoa shamba atoe la kwake."

Mwenyekiti akaanza kusema habari ya utaratibu na jinsi uamuzi ulivyokwisha kupita. Bwana Saidi akaiweka kamba chini. Akasema, "Mzee, kwetu tumefundishwa mali ya yatima ni moto tumboni. Mimi nimetumwa kupima shamba. Kula moto sikutumwa." Hapo watu wakacheka, na mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya, naye akacheka kwa kukosa la kufanya. Bosko alisimama na ncha yake ya kamba mkononi muda ambao mimi niliuona mrefu mno. Mwisho akaiburuta mwenyewe kupanda juu, mpaka kwenye ngolo zake, akasimama pale bila kumtazama mtu.

Baba, nimepata vyeti, na siku nilipomaliza chuo ulilia mbele ya watu. Lakini sijapata kujivuna kama siku ile. Nilitaka kupiga kelele kwamba huyu ni mwanafunzi wangu, nami ni mwanafunzi wa mwinjilisti mmoja wa Machame ambaye hajafika hata Dodoma. Nilijizuia kwa sababu ya watoto wa shule.

Bosko hakusema na shemeji yake wiki mbili. Hapo ndipo tulipofika kwenye mstari unaofuata, unaosema Mkombozi wa yatima hao ni hodari, naye atawatetea. Nikawaambia Mkombozi ni Bwana Yesu, wakakubali, wakafanya ishara ya msalaba. Lakini safari hii sikuyaruka maswali yako, nikaenda kuuliza. Padri akanieleza kwamba kwa Waebrania wa kale mkombozi alikuwa ndugu wa karibu. Mtu akifa au akifilisika, ndugu yake alikuwa na wajibu wa kuikomboa ardhi yake isitoke mikononi mwa watoto. Ilikuwa kazi ya ukoo, yenye jina lake, nao wakampa Mungu jina hilo kwa sababu walijua uzito wa kazi yenyewe. Basi mstari unasema hivi: yatima akikosa wa kumtetea duniani, Mungu mwenyewe anakaa kwenye kiti cha ndugu.

Mama Otilia aliposikia hivyo alikwenda kwa Bosko jioni ileile, na hakwenda kusuta. Alimwambia, "Shemeji, nimesoma kwamba una kazi, na hakuna aliyekuambia." Sijui walizungumza nini zaidi. Ninachojua ni kwamba sasa wakikaa sengu Bosko husema mara mbili, mara moja kwa ajili yake na mara moja kwa ajili ya watoto wa kaka yake. Na mkewe amemletea Mama Otilia mbegu za maharage.

Sasa nakujibu ulichoniomba. Nimelipigia magoti jambo hili siku tatu, kwa sababu sijawahi kukukatalia neno. Maelezo hayo siwezi kukuandikia kwa namna uliyotaka. Ukisimama mbele ya wazee na neno lile, mzee yeyote aliyefundishwa na wewe atakuuliza maswali yako matatu. Nani anasema? Mwalimu wa hekima. Anamwambia nani? Anamwambia mwenye kamba. Na katika kesi hii, Baba, mwenye kamba ni wewe. Wewe ndiye mkubwa wa ukoo, wewe ndiye mwinjilisti, wazee wanaokaa pale uliwabatiza watoto wao. Na nje ya mlango kuna nini? Kuna mjane na watoto watatu wanaokuita Baba Mkubwa.

Sisemi unasema uongo. Huenda Babu alipanda pale unaposema, na huenda Baba Mdogo alisogeza hatua sita. Nilimjua, alipenda migomba kupita kiasi. Lakini alikaa na masale hayo miaka yote mkila meza moja, na alipokuwa na ulimi wa kujibu hukumshitaki. Amekufa, ndipo kesi imezaliwa. Hatua sita ni migomba mingapi? Kwetu ni mboga ya ziada. Kwa Mama Mdogo ni chakula cha mwezi mzima.

Na ule mstari wa pili, wa Mkombozi, huutaji kwenye barua yako. Nimeutafuta mara zote tatu nilizosoma. Katika ukoo wetu, Baba, mkombozi huyo si mtu mwingine. Kiti hicho ni chako tangu siku ya mazishi. Nisingependa Mungu aje kukikalia ukiwa hai na mwenye nguvu.

Nimeandika hayo kwa adabu yote niliyo nayo, na kama nimevuka, nichape kwa barua. Lakini uliponichukua mimi badala ya wavulana, ukanikalisha kando ya moto na kitabu, ulikuwa unalea mtu wa kukuuliza siku moja. Sitaona haya kwa sababu nimetokea kuwa mwanafunzi mzuri. Hapa Maguu wakiniuliza nimefundishwa na nani, nataja jina lako lote, na la babu yako. Nataka niendelee kulitaja hivyohivyo, kifua mbele.

Nisalimie Bibi, mwambie mchumba wa hapa ataongea Kimatengo na yeye hatamwelewa, hivyo anipe muda. Msalimie kaka yangu wa kwanza, msimamizi wa mfereji, na mkewe mama watoto. Msalimie shangazi wa Marangu na mumewe mshona viatu, ambaye uzi wake bado umeishikilia Biblia yetu. Wazee wa usharika wote, na mwalimu wangu wa darasa la kwanza kama bado anapita njia hiyo. Darasa langu linakusalimu, na Mama Otilia anasema shikamoo Babu wa Moshi.

Mama Mdogo simwandikii safari hii. Salamu zake nazipitishia kwako, uzipeleke kwa miguu yako mwenyewe hata kama goti linauma. Usipitie barabarani. Pitia upande wa chini, palipo na masale, na ukifika hapo ukate jani moja uende nalo.

Ni mimi binti yako, uliyemfundisha kuuliza,
Aikaeli